Viti Vitatu vya Mama

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Mashine, kompyuta ya hapa ofisini, imegoma tena. Mara ya tatu tangu asubuhi. Mvua haiishi hapa Baraka, pano za sola hazipati jua, kwa hiyo nimepunguza viti: bantu sita tu ndio banaweza kuingia kwa programu, kila mumoja atafute jina la ndugu yake aliyepotea. Sita! Na chumba kiko tupu. Mashine inadai viti vyote vimejaa. Vimejaa na nani?

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Nimejua. Bamama banatafuta kwa simu zao hapa, halafu banazifunga kwa kitambaa, banaenda shambani. Hakuna anayebonyeza Toka. Programu inabaki imeshika jina, inalitafuta upya kila robo saa, inamaliza batri.

Ni mama yangu aliyebafundisha. Alikuwa anapokea bantu hapa mulangoni. "Musitoke, ee! Ukitoka, mutoto anapotea mara ya pili." Uongo mutupu. Nilimusikia, nikacheka, sikumukataza. Mujinga mi.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Nimeandika dawa yake. Muntu akitoka, ao akinyamaza nusu saa, utafutaji wake unasimama, kumbukumbu ya mashine inasafishwa, kiti kinaenda kwa mwingine. Kabla ya kuiwasha nikatazama orodha ya benye kukaa.

Viti vitatu ni vya mama.

Mama tulimuzika mwezi wa nane.

Nimevifungua. Kila robo saa akaunti yake inaandika Asukulu. Ni kaka yangu. Alienda kuchimba dhahabu kule Misisi, miaka saba sasa, hatujasikia kitu. Aliingia mara tatu, mama, hakutoka hata moja. Na umeme ukikatika viti vinarudi vyenyewe. Mi ndiye nilitengeneza hivyo, ili bamama basianze upya. Kumbe miezi yote hii nimekuwa namurudisha mama kila asubuhi.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Nimewasha dawa. Ila akaunti ya mama nimeiruka. Mustari mumoja tu kwa programu. Nimeona haya hata kuuandika.

Viti vitatu vilivyobaki vinatosha, nilijiambia. Havikutosha. Espérance, Murundi wa kule kambi ya wakimbizi, alifika kwa miguu na mvua yote ile. Anamutafuta binti yake, balipotezana wakati wa kukimbia. Vimejaa, na foleni ni ndefu. Aliketi kwa benchi mpaka saa tisa, nguo zinatiririka maji. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Si kitu, dada. Nitarudi kesho."

Dada! Na mi nimekalisha marehemu pahali pake.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Espérance alirudi. Vimejaa. Akaenda.

Sijala kitu. Saa tatu na robo, Asukulu. Saa tatu na nusu, Asukulu. Saa nne kasorobo, tena. Nimegeuza skrini kwa ukuta, lakini masikio yanangoja feni ya mashine ivume. Kuna wakati nilisikia harufu ya sabuni yake. Yoo, mama, niache.

Niandike waziwazi. Naogopa nikimutoa mama, hakutabaki muntu hata mumoja duniani anayemutafuta kaka yangu. Mi sijawahi kuandika jina lake. Hata siku moja. Nilimwachia mama kazi yote.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Alikuja mara ya tatu. Ndala moja imekatika, ameifunga na kamba. Alinitazama tu. Nikashindwa kumutazama.

Nikaufuta ule mustari.

Kiti cha kwanza kikatoka. Cha pili. Cha tatu kilikawia kidogo, nikashika meza. Kisha mashine ikawa nyepesi, feni ikapunguza kelele. Nililia mbele ya bantu, sikujali.

Espérance akaingia. Akaandika jina la binti yake polepole, herufi kwa herufi. Hakuna. Aliuliza, "Nikitoka, jina lake linabaki?"

"Linabaki, dada. Ni wewe tu unayetoka."

Akafikiri. Akabonyeza. Mwanamuke aliyekuwa nyuma yake akakaa.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Nilitoka kanisani nikapitia kazini. Hakuna muntu. Jua kidogo.

Nikafungua akaunti yangu mwenyewe, ya kwanza. Nikaandika Asukulu.

Hakuna.

Nikangoja robo saa nzima, mikono kwa magoti. Nikaandika tena. Hakuna.

Nikabonyeza Toka. Nikatazama orodha: viti sita, vyote viko wazi. Nikafunga mulango, nikapitia sokoni kununua samaki ndagala.