Dosie ya Furaha

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa 3
Nimeng'oa meno matatu kabla ya saa ine. La dereva aliyetoka kijiji cha Bendera lilikuwa na muzizi umepinda. Nililitoa bila kulivunja. Miaka kumi na tisa niko infirmier, muuguzi wa meno, katika kliniki hii.
Leo ameletwa Furaha, mutoto wa fundi wa reli. Ametoka Kinshasa na diplome ya udaktari wa meno. Namba ya Ordre, chama cha madaktari, bado. Bila namba, hana ruhusa ya kutumika kazi peke yake.
Daktari mukubwa akaniambia, "Papa Kizito, namba ikifika, meno yote ni yake. Wewe utamusaidia."
Nikaitika. Moyo unawaka.

Alhamisi, tarehe 6
Wagonjwa wanamwita Dokta tayari. Mama Zawadi, mugonjwa wangu wa siku zote, ameomba aangaliwe na yeye.
Wivu. Naandika neno lenyewe. Hata koti yake nyeupe naichukia.

Jumatano, tarehe 12
Dosie yake imetimia: diplome, cheti cha stage ya mazoezi, cheti cha mwenendo mwema, picha ine. Daktari mukubwa amenituma niipeleke biro ya Ordre ya provinsi, maana napita pale nikirudi nyumbani.
Nimepita. Sikuingia. Iko kabatini, chini ya nguo zangu.

Jumatano, tarehe 19
Furaha alienda bironi. Hawajaona kitu. Amerudi macho mekundu.
"Papa Kizito, uliiacha kwa nani?"
"Kwa muntu mumoja pale mulangoni."
Akanishukuru. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, tarehe 21
Itabidi aanze upya. Karatasi zingine lazima zitoke Kinshasa. Miezi. Mchana alikaa kwenye ngazi, hakula.
Nilifikiri nitafurahi. Hapana. Na wivu haujapungua hata kidogo.

Jumamosi, tarehe 22
Nimemupa dosie mkononi. Nimesema yote. Alihesabu karatasi moja moja, ndipo akaniangalia.
"Kwa nini, Papa?"
"Nilikuonea wivu."
Akafunga dosie. Kisha: "Shuleni tuling'oa meno kidogo sana. Nilitaka ni wewe unifundishe."
Akaenda bironi mwenyewe. Hakuniaga.

Jumatatu, tarehe 24
Daktari mukubwa hajaniita. Furaha hakumuambia. Inaniuma zaidi.

Jumatatu, tarehe 26, mwezi wa 5
Namba imefika. Wote walipiga makofi. Na mimi.
Miezi hii miwili anasema nami mambo ya kazi tu. Leo vilevile. Muvuvi mumoja, jino la nyuma limeoza. "Shika kichwa." Nikashika. Akang'oa. Mukono wake ni mwepesi kuliko wangu. Nimeona kwa macho yangu.
Nimeosha vyombo. Nimefunga madirisha ya upande wa ziwa. Nje mama mumoja alikuwa ananingoja, shavu limevimba, anataka nimung'olee mimi.
Nikamuonyesha mulango wa Dokta.