Ukurasa wa Thelathini na Moja

Bình Dương, 3 Machi 2025

Kwa mdogo wangu Khiêm,

Hujambo? Mimi sijambo, kiwandani tunashona viatu kama kawaida na mgongo unauma kama kawaida. Salamu zimeisha.

Usinipigie simu. Nimekufungia na sikufungulii, maana ukianza kulia nitakuonea huruma, na sitaki. Binamu Bích kaniambia kompyuta ya baba imefungwa yote, eti kuna wezi wa mtandaoni wanataka walipwe ndiyo waifungue, na chanzo ni gemu lako. Gemu, Khiêm! Mwanaume wa miaka ishirini na minne!

Kompyuta ile niliinunua ili baba aandike kitabu cha ukoo. Miaka kumi na moja amezunguka na pikipiki yake mbovu akiwahoji wazee. Vizazi tisa vimo humo. Imo na ramani ya mahali alipozikwa Baba Mkubwa Lực kule Quảng Trị, vitani, iliyochorwa na wenzake waliomzika kwa mikono yao, na wote sasa ni marehemu. Tarehe kumi na mbili Aprili ukoo mzima unakusanyika nyumba ya mababu, na kitabu kinatakiwa kisomwe. Macho ya baba yanakwisha. Kazi hii hawezi kuirudia.

Umefanya nini hasa? Niandikie kila kitu, na usinipambie.

Dada yako mkubwa,
Nhàn

Yên Thành, 9 Machi

Shikamoo Dada,

Baba hajambo, anakohoa kidogo. Mimi si mzima, ila najua hukuuliza kwa moyo.

Kuna jamaa kwenye gemu walikuwa wananichapa kila siku. Nikaona video, mtu anagawa bure programu ya kuwaona wapinzani nyuma ya kuta. Akasema kinga ya virusi huwa inazikataa programu za kuchezea rafu, kwa hiyo uizime kwanza. Ilinionya mara mbili, nikabonyeza kubali mara mbili, nikaizima. Saa nzima niliwachapa wote, Dada, sikufichi. Halafu mafaili yakaanza kubadilika majina moja baada ya jingine, na kioo kikawa chekundu: lipa ndani ya siku tano au usahau.

Baba hajui. Nimemwambia kompyuta iko kwa fundi. Na wewe usijifanye malaika. Ulikuja mwaka mpya wa Tết siku nne tu, ukaondoka bila hata kumuaga. Anayemtia dawa ya macho asubuhi na jioni ni mimi. Wewe unajua kugomba tu.

Mdogo wako,
Khiêm

Bình Dương, 15 Machi

Khiêm,

Natumaini kikohozi cha baba kimepoa. Kugomba najua, na leo utakula ushibe.

Nimemuuliza Phát, anayetunza kompyuta za ofisi hapa kiwandani. Chomoa waya wa mtandao sasa hivi. Usiwalipe hata dong moja, wanaweza kupokea na ufunguo wasikupe. Mafaili yaliyofungwa usiyafute, huenda siku moja wataalamu wakapata ufunguo. Badilisha maneno yako yote ya siri, ukitumia kompyuta nyingine, maana na hayo huwa wanaiba. Phát anasema wezi hawa wanawapenda sana wachezaji kama wewe, kwa sababu mnazima kinga kwa mikono yenu wenyewe. Mwizi hakuvunja mlango. Ulimfungulia, ukampa na kiti. Mjinga wewe!

Sasa nijibu. Ile diski ya nje niliyokutumia uweke nakala iko wapi? Na mwambie baba. Mwambie kwa mdomo wako, kisha uniandikie. Kabla ya hapo sina msaada wa kukupa.

Dada yako,
Nhàn

Yên Thành, 29 Machi

Shikamoo Dada,

Diski niliijaza magemu na sikuwahi kuichomoa. Ilikuwa imechomekwa siku ile, nayo imefungwa. Tukana, nasubiri.

Na usiniulize karatasi. Unajua baba anachapisha nakala moja tu, na kila Tết inachomwa pamoja na nguo na pesa za karatasi, ili mababu waisome na wamjie ndotoni kama kuna kosa. Ya mwaka huu uliichoma wewe, kwa sababu moshi unamuumiza macho. Kwa hiyo nakala zetu zote wanazo wafu.

Nimemwambia jana. Hakunipiga. Heri angenipiga. Alikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa akaanza kutaja majina kwa kichwa, mimi niandike kwenye daftari. Kizazi cha nne akakwama. Akarudia toka mwanzo, akakwama palepale. Akasema, "Mifupa ya Lực sasa nitairudisha vipi nyumbani?" Baba analia, Dada, na aliyemliza ni mimi.

Mdogo wako,
Khiêm

Bình Dương, 5 Aprili

Khiêm,

Umemwambia. Vizuri. Sasa fungua huo mfuko nilioutuma kwa basi, aliokuletea Bích.

Kitabu sikukichoma. Siku ile nilikifunua kidogo nisome kabla ya moto. Ukurasa wa thelathini na moja, penye jina la baba: "Đặng Văn Hoạt. Mtoto: Khiêm." Mtoto! Mmoja! Mimi niliyenunua hiyo kompyuta sikuzaliwa! Nikafunua kurasa nyingine: Shangazi Mận hayupo, Shangazi Thoa hayupo, hakuna binti hata mmoja katika vizazi tisa. Niliwaka, Khiêm. Nikawatupia mababu motoni katalogi ya viatu vya kiwandani, nikaficha kitabu kwenye begi, nikaondoka bila kuaga.

Nilitaka kukitupa mtoni. Badala yake, kila Jumapili nimekuwa nikiwapigia shangazi zetu. Nimewaandika mabinti wote niliowapata kwa kalamu ya bluu, pembeni, juu, chini, popote palipokuwa na nafasi.

Ramani ya Baba Mkubwa iko ukurasa wa mwisho. Piga picha kila ukurasa kabla ya jambo lolote. Nakala moja mpe Bích, nyingine weka kwenye diski mpya, kisha diski UICHOMOE, unanisikia?

Mimi siji, bado nina hasira. Mwambie baba kisomwe chote, pamoja na bluu, au akirudishe kwa basi lilelile.

Dada yako,
Nhàn

Yên Thành, 14 Aprili

Shikamoo Dada,

Picha nimepiga, diski nimechomoa, iko kabatini kwa Bích.

Baba haoni maandishi, kwa hiyo juzi mbele ya ukoo nilisoma mimi. Nilipofika bluu ya kwanza, Mzee Toản, mkuu wa ukoo, akapiga meza: "Mabinti huolewa kwa watu! Ruka hapo!" Baba akasema, "Soma." Nikasoma. Supu ilipoa. Shangazi Thoa alisimama alipotajwa, na baada yake kila aliyekuwepo akitajwa akawa anasimama. Ukurasa wa thelathini na moja nikakutaja, na hakuna aliyesimama. Baba akainuka yeye.

Anataka nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema:

"Nhàn. Umewalisha mababu viatu, na kwa hilo tutagombana ukija. Tena umeandika mwaka wako wa kuzaliwa vibaya. Kwenye kalenda yetu ya wanyama umeandika Farasi, kwa kufuata cheti. Ulizaliwa siku mbili kabla ya Tết, bado ni mwaka wa Nyoka. Mvua ilikuwa kubwa na mkunga alichelewa, nikakupokea mimi kwa mikono hii. Njoo na kalamu yako urekebishe. Mimi sioni."

Baba yako,
kwa mkono wa Khiêm