Shamba Lako Limepaliliwa, Mama

Mama yangu uliyetangulia,

Jana nlitoka mjini nikaja Bwejuu, maji yametoka, nikashuka pwani kulitazama shamba lako la mwani. Loo! Nlidhani nimepotea. Chini ya kamba za mwani peupe, laini, hapana hata tuta moja.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinshika mkono pale? Mimi mtoto, nnaona uchafu tu: majani ya baharini, vichuguu vya mchanga vya kaa na minyoo, vijito vikipita katikati. Nikakuuliza nani kachora vile. Ukacheka. "Hakuna aliyechora. Majani yanashika mchanga, kaa anaufukua, maji yanaupeleka. Vyote vinasukana kama ukili wa mkeka." Siku nlipong'oa fungu la majani nikalirusha, ulinfinya sikio: "Umefumua mshono!" Sikio hilo nnalisikia mpaka leo.

Sasa sikia. Mamdogo Zuhura, mdogo wako uliyemwachia shamba, mwenyewe kalelewa Kizimbani kwenye mikarafuu. Huko shamba lenye majani ni aibu ya mwenye shamba. Nikamkuta pale pale pwani, nikamwamkia, "Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu. Umeona? Mwezi mzima nampalilia marehemu. Jani hata moja sikuliacha!"

Na jembe begani. Jembe, mama! Jembe baharini! Nlipigwa na butwaa. Hasira zikanipanda, lakini nikajizuia, maana viganja vyake vimejaa malengelenge na uso unameremeta kwa furaha. Kazi ile kaifanya kwa kukupenda wewe.

Maji yakaanza kujaa, tukasimama kutazama. Vigingi vyako vikalala, kimoja baada ya kimoja, pamoja na kamba, na mwani ambao mamdogo anautegemea kwa chakula. Mamdogo akanshika kanga. "Mbona mchanga unakwenda?"

Nikamweleza kama ulivyonieleza mimi, mpaka ule mshono. Alikaa chini na nguo zake zikarowa.

Leo asubuhi nimemkuta huko huko, maji magotini. Kachukua yale majani aliyoyarundika ufukweni, yameshakauka nusu, anayapanda tena kwa vidole. Hayashiki, mama. Akiinuka tu, yanaelea. Anayafuata, anayaokota, anayarudisha. Nimemwambia aache, hataki kunsikia.

Basi nami nimefunga kanga kiunoni, naingia kumsaidia. Ungekuwepo ungetufinya sote wawili, na sote tungefurahi.

Mwanao wa sikio lile