Mfuniko Hajala

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki leo. Uzito wa Nukta ni ule ule. Mstari kwenye kadi yake umelala chali, wala haujisumbui kupanda. Nesi, yule asiyecheka, akauliza mtoto anakula nini. Nikamtajia. Akaniangalia kama vile nimemsomea menyu ya hoteli. Kasema nirudi tarehe kumi na saba. Kama hajaongezeka atalazwa wodini, na mimi nilale naye. Nikasema nina kazi. Akasema kazi yangu haipandi mzani.

Wodini wiki moja tu, na pasi yangu kule kwa dobi itashikwa na mwingine. Bosi alishatamka, tena mbele ya watu.

Jioni nimeponda viazi laini kabisa. Nukta kafunga mdomo. Hajatimiza hata miaka mitatu, lakini kwa kufunga mdomo — komeo! Nimebembeleza. Nimeimba. Nimekunja uso. Mama mkwe akasema nimwache, njaa itamfundisha. Haya, tangu baba yake aondoke njaa inafundisha, mwanafunzi hashiki kitu.

Basi nikanyakua kilichokuwa karibu. Mfuniko. Ule wa sufuria kubwa, aliyokwenda nayo Baba Nukta kambini kwenye ujenzi wa barabara. Mfuniko haukuenea kwenye begi, ukabaki. Unazurura jikoni hauna kazi. Nikausimamisha mezani kwa ubavu nikasema: palikuwa na Mfuniko, siku moja akaamka, akaangalia chini, Sufuria wake hayupo.

Nukta akafungua mdomo! Kwa mshangao, siyo kwa njaa, lakini mdomo ni mdomo. Nikaingiza kijiko.

Sheria nikaiweka palepale: kijiko kimoja, hatua moja. Usipofungua mdomo, Mfuniko hatembei. Bakuli limeisha Mfuniko akiwa amefika mlangoni tu.

Jumanne, 4 Machi

Leo Mfuniko kavuka korido, kakutana na Ufagio, kamuuliza njia. Ufagio akasema pita kushoto. Bakuli likaisha, nikasema basi, kesho.

Ukuta ukagongwa. Ni ukuta wa mbao nyembamba, upande wa pili anakaa fundi friji.

"Shemeji, samahani. Huyo Ufagio kamwelekeza kweli, au kampoteza?"

Nikasema tutajua kesho. Akagonga tena: "Mtoto hawezi kuongezewa hata kijiko kimoja?"

Alhamisi, 6 Machi

Mama mwenye nyumba kaja kuangalia bomba. Bomba liko nje! Kaingia ndani, kakaa kitandani kwangu, kavua viatu. Fundi friji yeye kaja na stuli yake kabisa.

Leo nilimleta Birika. Birika anadai alimwona Sufuria akipakiwa kwenye gari.

"Asimwamini huyo," akasema mama mwenye nyumba. "Mdomo mrefu vile! Kila siri ya jikoni anayo yeye."

Fundi akasema Birika hana kosa, ni wa moto tu, ndivyo alivyoumbwa. Wakabishana. Nukta anageuza kichwa huku na huku kama anaangalia mpira, mimi naingiza kijiko tu. Mama mkwe pembeni anachambua maharage, ila mabovu na mazima kaanza kuyachanganya.

Fundi friji, mkewe alienda kwao na hajarudi. Kila mara ananiuliza kama Sufuria aliaga. Nikasema hakuaga. Akavuta kamasi. Kasema ni gesi ya friji.

Nimechoka mimi. Asubuhi nzima nimenyoosha mashuka ya hoteli, jioni natakiwa nijue Sufuria yuko wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Bakuli tupu tena! Mama mwenye nyumba kaleta ndizi "za Mfuniko". Fundi kaleta yai. La Mfuniko. Nikauliza, na mwanangu je, yeye haletewi? Wakatazamana kama nimesema jambo la aibu.

Nimeanza kuota ule mstari wa kadi ukipanda. Najua ni ujinga kuota kadi.

Jumapili, 9 Machi

Sisimizi.

Nimeufuata msafara wao kutoka mlangoni hadi nyuma ya ndoo ya nguo chafu. Mfuniko upo pale, umelala kifudifudi. Nikaunyanyua. Viazi. Wali. Nusu ya yai. Ndizi imekuwa nyeusi. Vyote! Vyote alivijaza shavuni, nikigeuka tu kuweka bakuli anakwenda kuvitema pale, kimoja baada ya kingine, kwa adabu kabisa, amevipanga.

Nikamwita. Nikamuuliza hiki ni nini.

"Mfuniko hajala."

"Na wewe je?"

"Mimi niko nyumbani. Yeye anatembea."

Nikakaa chini sakafuni. Nilitunga hadithi imlishe mtoto, kumbe mtoto ndiye anailisha hadithi! Sikumchapa. Nilitaka kulia na kucheka, nikafagia sisimizi. Kliniki hiyo hapo inakuja, na aliyenenepa nyumba hii ni sisimizi peke yao.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamua. Namaliza. Hadithi ikiisha, mtoto atakula kama watoto wengine.

Walipokwisha kukaa (fundi, mama mwenye nyumba, mama mkwe na maharage yake), nikachukua ile sufuria ndogo ya chai. Nikasema: Mfuniko akakutana na Sufuria Mdogo, wakapendana, wakaishi raha mustarehe. Mwisho. Nikamweka juu yake.

Hakuenea. Amemfunika mpaka mikono, kama mtoto aliyevaa kofia ya babu.

Nukta akapiga ukelele majirani wa mbele wakafungua dirisha. Fundi akasimama.

"Shemeji, hiyo siyo haki! Mwenyewe bado yuko hai!" Akabeba stuli yake, akatoka.

Mama mwenye nyumba akavaa viatu polepole. "Kwa haraka hiyo?" Hata bomba hakuliangalia.

Kisha mama mkwe, bila kuinua macho: "Kwa hiyo mwanangu ndiyo basi?"

"Mama, ni mfuniko!"

"Nauliza tu. Mtu hata barabara hajaimaliza, umeshaniletea kijisufuria."

Nikaapa. Akasema naweza kuapa, lakini vile nilivyotamka "raha mustarehe", yule hakuwa mfuniko aliyekuwa anasema.

Nukta hajagusa chakula. Kalala amemkumbatia Mfuniko. Bati la baridi lile kifuani!

Jumatano, 12 Machi

Jana na leo, maji na maziwa kidogo. Basi. Nimejishusha, nimewaomba radhi. Ndiyo, nimemwomba radhi fundi friji kwa sababu ya mfuniko. Nikatangaza kwamba Sufuria Mdogo ilikuwa ndoto tu. Wakarudi wote, na stuli.

Halafu nikampigia Baba Nukta. Kule kambini simu inashika juu ya lundo la kokoto tu, mpaka apande. Nikamweleza. Mume wangu, jifanye sufuria. Akacheka sana. Nyuma yake nasikia wenzake: nani huyo? Anaulizwa sufuria? Waambie yupo, ana maharage! Nikaweka sauti kubwa wote wasikie.

Akakohoa. Akatoa sauti nzito, ya kisufuria kweli. "Mfuniko! Ni mimi, Sufuria. Kula upate nguvu."

Nukta kaishika simu kwa mikono miwili. Hakupumua. Halafu akauliza: "Unafunikwa na nani?"

Mume wangu hajui kusema uongo. Ndicho kilichonifanya nikubali kuolewa naye, na ndicho kinachomponza.

"Na... sahani."

Sahani! Mama mwenye nyumba akapiga paja. "Nilijua! Tangu siku ya Birika nilijua!" Fundi friji akateleza na ukuta mpaka chini, akakaa vile. Mama mkwe maharage yote yamemwagika: "Sahani ni wa muda tu! Mtu yuko porini huko, vumbi lote lile, mlitaka ajifunike nini?"

Na mimi — Mungu anisamehe — nikachukua simu, nikazima sauti kubwa, nikatoka nje mpaka kwenye tangi la maji. Nikauliza kwa upole.

"Hiyo sahani ni ya nani?"

"Ya mwenzangu."

"Mwenzako gani?"

"Dereva wa greda. Mama Nukta, ana masharubu!"

Nikamuuliza anarudi lini. Akasema mpaka daraja liishe. Nikasema daraja linaisha lini. Akasema hawajaambiwa. Kisha kokoto zikaporomoka, nadhani, simu ikakata.

Ijumaa, 14 Machi

Jana Nukta hakusema neno. Alimbeba Mfuniko nyumba nzima akimwangalia tu. Mama mkwe akanong'ona tumwite daktari. Nikasema daktari gani, daktari wa vyombo?

Leo narudi kutoka kazini, miguu imevimba, namkuta Nukta mezani. Kamfuta Mfuniko kwa gauni lake. Kamgeuza chali, kishikio chini. Anayumba, yeye kamshikilia kwa mkono mmoja.

"Weka."

"Niweke nini, mama?"

"Chakula. Sahani amekuwa mfuniko. Mfuniko awe sahani."

Hakuna aliyemfundisha. Naapa. Nikamtazama mama mkwe, mama mkwe akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu kijisufuria.

Nikaweka wali. Kidogo, kwa woga. Juu yake maharage. Nukta akala. Hakuweka shavuni. Aliteremsha, nimeona koo likifanya kazi! Maana cha kwake na cha Mfuniko sasa kiko mahali pamoja, amfichie wapi tena? Akasema ongeza. Nikaongeza. Mwisho akalamba bati mpaka nikaona paji la uso wake kwenye ule mng'aro.

Ukuta ukagongwa. "Shemeji, mbona kimya leo? Kuna nini?"

"Anakula."

"Nani?"

"Wote wawili."

Nikasikia stuli ikikaliwa. Mimi nikaenda kufua kitambaa ambacho hakikuwa kichafu.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nimesimama, kwenye korido ya kliniki, daftari nimeliegemeza ukutani. Mwandiko mbaya, basi.

Jumamosi amekula, jana amekula, asubuhi hii amekula. Kwenye mfuniko tu, sahani hataki hata kuziona. Jana nimemwona mama mkwe kazigeuzia uso ukutani.

Tumekuja wote. Nimewakataza, wamekuja. Fundi friji kafunga duka. Mama mwenye nyumba kavaa viatu vya harusini. Nesi akatukagua kutoka mlangoni, akauliza kama wote hawa ni wagonjwa.

"Sisi," akasema mama mwenye nyumba, "ni upande wa Mfuniko."

Nesi hakuelewa, akaendelea na kazi. Kamvalisha Nukta ile suruali ya kupimia, kamning'iniza. Nukta na Mfuniko kifuani. Mshale ukapanda, ukapita pale pa mara iliyopita! Fundi akapiga makofi.

"Toa bati hilo," akasema nesi.

Nukta akasema Mfuniko hatoki. Nesi akaeleza vizuri tu: hiyo namba ni ya mtoto pamoja na bati, yeye anataka ya mtoto. Nami hapo moyo umenishuka, maana mfuniko ule ni mzito. Ni wa zamani, siyo hizi za siku hizi. Unaweza kuwa ndiyo uzito wote tulioongeza.

"Ataachwa tena," akasema Nukta.

Na nesi — sijui kilimpata nini — kalamu ikabaki hewani. "Tena? Nani alimwacha?"

Weee! Wakamrukia wote kwa pamoja. Fundi na habari ya kutoaga. Mama mwenye nyumba na Birika. Mama mkwe na porini na vumbi. Benchi zima la akina mama likasogea, watoto wao mgongoni. Walipofika kwenye Sahani, nesi akaweka kalamu chini.

"Sahani?"

"Sahani, Sista."

"Jamani!" Akavua miwani. Macho yake mekundu, na huyu ndiye asiyecheka. "Na huyo Sufuria, anarudi lini?"

Wakageuka wote. Wakaniangalia mimi, mtunzi. Na Nukta, anabembea kwenye ile suruali, ananiangalia kuliko wote.

Nikisema anarudi, atashika. Atamngoja mlangoni kesho, na keshokutwa, na siku asipomwona mdomo unafungwa tena, na safari hii sina mfuniko mwingine. Nikisema sijui — lakini ndiyo kweli, sijui! Hadithi nimeitunga mwenyewe, na sijui!

Nikasema naomba nitoke mara moja.

Nimempigia. Hapatikani. Nimepiga tena. Labda hajapanda kokoto.

Nasikia nesi huko ndani, sauti imelainika sijawahi kuisikia. Anamwambia haya mdogo wangu, basi Sista atamshika Mfuniko yeye mwenyewe, hamwachi, kwa mikono miwili, na wewe nisimulie polepole wakati mama anakuja.

"Palikuwa na Mfuniko," anasema Nukta.

"Ehe."

"Siku moja akaamka."

"Ehe. Ikawaje?"

"Kwanza fungua mdomo."

Hakuna anayecheka. Nachungulia. Mfuniko uko mikononi mwa nesi. Mshale unayumba, bado haujasimama. Na nesi — amefungua.