Amekula, Mzima

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri, na goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mpe mkaza mjomba salamu zangu, umwambie sweta aliyonifumia naivaa kila siku, kwa sababu masijala bado ni baridi kama ulivyoiacha. Mimi sijambo kiasi. Nasema kiasi kwa sababu sitaki kukudanganya mwanzoni halafu nianze kujirekebisha katikati.

Nisamehe mapema kwa ukali utakaouona mbele. Nimechana barua mbili za upole kabla ya hii. Nina hasira, Mjomba. Nina hasira na Mkuu, nina hasira na ofisi nzima, nina hasira na wewe, na aliyebaki utamjua ukifika mwisho. Si rahisi kumwandikia hivi mtu aliyenitafutia kazi, lakini nimeamua heri niandike.

Mwenyekiti anaumwa. Namaanisha kobe wako wa maji, uliyemlea miaka kumi na moja kwenye lile tangi la kioo la mapokezi, ukaiachia ofisi siku uliyostaafu. Kwa maneno yako mwenyewe ulinikabidhi vitu vitatu: funguo za makabati, mhuri na Mwenyekiti.

Tangu uondoke, kila mtu amekuwa mlishaji wake. Mpiga chapa humpa biskuti za chai yake ya saa nne. Mlinzi humtupia ncha za soseji, akisema mzee wa cheo kile hawezi kulishwa majani. Wageni wanaosubiri majalada yao humrushia mkate ili wamwone akinyoosha shingo. Mimi nilikuwa nacheka pamoja nao. Kisichoguswa kilizama na kuoza chini, maji yakawa na rangi ya chai ya jana. Ile taa uliyomfungia juu ya jiwe lake, ili apande kujikausha na kupata joto, Mkuu alisema inawachoma wageni macho. Sasa iko mezani kwake, inamwangazia magazeti. Jiwe limebaki baridi, na Mwenyekiti aliacha kulipanda. Nililiona hilo. Nilifikiri amezeeka.

Sasa nije kwenye daftari. Unajua ofisi yetu, hakuna kinachopumua bila daftari. Maua yana lao, saa ya ukutani ina lake, na Mwenyekiti ana lake lenye safu mbili, chakula na afya, ambalo Mkuu hulitaka mezani kila Ijumaa. Siku ya makabidhiano ulinikalisha, ukachukua kalamu, ukaijaza wiki nzima kabla chai haijapoa. Jumatatu, amekula, mzima. Chini yake ukaweka alama za kurudia mpaka Ijumaa. Nilipokuuliza itakuwaje asipokula Jumatano, ulicheka ukasema Mkuu hasomi maneno, anatazama kama kuna safu tupu, na kazi ya karani ni kuhakikisha haipo. Nami nikawa mwanafunzi hodari. Kila Jumatatu, kabla sijavua hata koti, Mwenyekiti alikuwa ameshakula siku tano.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita, yule mama wa usafi ambaye sote tunamwita Shangazi aliniita kutoka mapokezi, ndoo mkononi. Aliniambia nije nimwone mzee wangu, hafumbui macho, na amelala majini kama mtumbwi ulioingia maji, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Mimi nilikuwa na rundo la majalada mikononi. Nilimjibu bila kusimama kwamba daftari linaonyesha amekula na ni mzima. Ndivyo nilivyosema, Mjomba. Nilimtolea ushahidi wa daftari mtu aliyekuwa anamtazama kobe kwa macho yake.

Shangazi aliondoka na ndoo yake. Kesho yake alitoa maji yote machafu, akasugua tangi kwa brashi na maji ya moto, akaweka maji mapya. Jumatano akaja mgeni kutoka makao makuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akasimama mbele ya tangi, akamuuliza Mkuu kwa sauti ya kusikika mpaka masijala kama ni desturi yetu kuwapokea wageni kwa mnyama aliyekufa. Mwenyekiti alikuwa hajafa. Alikuwa akielea kwa ubavu, mdomo wazi, na povu dogo puani.

Unamjua Mkuu akiaibishwa. Mgeni alipoondoka tu, aliitisha daftari liwe mezani kwake kabla ya saa nane. Alilisoma, safari hii alisoma kweli, akamwita Shangazi. Alimwambia daftari linaonyesha kobe alikuwa mzima Jumatatu, Jumanne yeye akaosha tangi, Jumatano kobe akaugua, kwa hiyo amemtilia sabuni. Shangazi aliapa kwamba hajawahi kugusa lile tangi kwa sabuni, kwamba wewe mwenyewe ulimfundisha kutumia maji ya moto na brashi tu. Mkuu akamwambia asimtajie wastaafu. Miaka tisa, Mjomba, amefagia zile ngazi miaka tisa, na kufika saa tisa na nusu alikuwa lango la nyuma akikunja aproni yake. Mpiga chapa alilia. Mlinzi alimfungulia geti akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati la herufi M, nikijifanya natafuta jalada.

Kuhusu Mwenyekiti, Mkuu aliagiza aondolewe mapokezi, kwa njia yoyote. Nikambeba kwenye beseni mpaka chumbani kwangu, na Jumamosi nikampeleka kwa daktari wa mifugo aliye nyuma ya soko. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa na ulimi usio na breki. Aliniuliza huyu anakula nini. Nilipomtajia, aliweka kalamu chini akasema kumbe mmemlea kama mgeni wa semina, biskuti na soseji, bado bahasha tu. Kisha akaacha mzaha. Aliyabonyeza taratibu yale macho yaliyovimba, akaniambia huo ni upungufu wa vitamini wa muda mrefu, mtu hapati macho hayo kwa siku moja. Akanishika kidole akakipitisha kwenye ukingo wa gamba, nikausikia ukibonyea kama ganda la chungwa. Akasema hilo linatokana na kukosa jua na madini ya chokaa. Kuelea upande na povu ni mapafu, yameingiwa na baridi. Nilimuuliza kama sabuni ingeweza kuyafanya hayo. Alinitazama kama niliyemuuliza kama mvua inaweza kumpa mtu mimba. Alisema ugonjwa huu haukuanza Jumanne, una miezi, na mtu yeyote mwenye macho angeuona mapema: anaacha kula, anaacha kupanda kuota joto, anafumba macho, anaelea vibaya. Akaniuliza nani alikuwa na kazi ya kumtazama.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nilirudi ofisini Jumatatu, nikayatoa madaftari yako ya zamani yote kumi na moja. Miaka kumi na moja, mwandiko wako mzuri, hakuna safu tupu. Hata ile wiki ya mafuriko, maji yalipofika dirishani na ofisi ikafungwa, Mwenyekiti alikula kila siku na alikuwa mzima. Labda ulikuwa umemchukua nyumbani. Daftari halisemi. Lakini nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukija na mchicha kwenye mfuko wa koti, na samaki wadogo wazima kwenye karatasi, na kwamba ulimlisha majini kwa sababu nchi kavu hawezi kumeza, siku moja kula, siku moja kupumzika, na mabaki ukayatoa. Ulikuwa unamjua yule mnyama kama kiganja chako, na daftari ulilijaza kwa ajili ya Mkuu tu. Mimi ulinifundisha daftari. Kobe hukunifundisha. Ulinikabidhi uongo wako, lakini ile kazi halisi iliyokuwa nyuma yake ukaondoka nayo.

Sasa nifike kwa yule aliyebaki. Utakuwa umejiuliza, Mjomba, kama nilijaza wiki nzima "mzima" kabla ya kuvua koti, ilikuwaje Mkuu asome mambo ya Jumanne na Jumatano. Ni kwamba aliposema daftari liwe mezani kabla ya saa nane, ilikuwa saa saba na dakika kumi, na ukurasa wangu ulionyesha kobe mzima mpaka Ijumaa ambayo ilikuwa haijafika. Nilijifungia chooni na daftari. Nikauchomoa ule ukurasa, nikaandika mwingine. Jumatatu, amekula, mzima. Jumanne, tangi limeoshwa na mfanyakazi wa usafi. Jumatano, hajala, ni dhaifu. Sikuandika neno sabuni. Tangi alikuwa ameliosha kweli. Nilipanga tu maneno yasimame namna ambayo yeyote atakayeyasoma ataishia kwake, na si kwangu. Nimesoma miaka kumi na sita, Mjomba, na hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Ukurasa wa kwanza sikuuchoma. Sijui kwa nini. Jumatatu hiyo niliyoyatoa madaftari yako, nilimpelekea Mkuu, nikamweleza yote nimesimama. Akaniambia nifunge mlango. Akasema jalada limeshafungwa, limerudi kabatini, na nikianza kufungua ukurasa huu nitafungua mangapi. Akanirudishia karatasi akaniambia mimi ni kijana mwenye mwelekeo mzuri, nisijikwae kwa sababu ya kobe.

Jumapili nikaenda nyumbani kwa Shangazi. Hakunikaribisha ndani. Aliusoma ukurasa taratibu pale mlangoni, kidole chini ya kila mstari, akaniuliza kama Jumatatu hii ndiyo ile aliyoniita. Nikasema ndiyo. Akasema, kumbe nilipokuwa nakuita ulikuwa umeshamaliza kumtazama tangu asubuhi. Nimemwachia ukurasa, na nyuma yake nimeandika nilichofanya, nikatia sahihi. Ameupeleka kamati ya wafanyakazi, nao wamepanga kumsikiliza Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Nitaulizwa nani alinifundisha kujaza. Nitakutaja, Mjomba. Nimekutaja tayari kwenye maandishi, na wito utakufikia siku mbili tatu baada ya barua hii. Najua picha yako bado iko ukutani pale koridoni. Najua mama atasema nimekuvua nguo hadharani. Naogopa, lakini sitaufuta mstari huo.

Mwenyekiti yuko dirishani kwangu, kwenye beseni, juani. Amechomwa sindano nne, bado tatu. Jana alifumbua jicho la kushoto, akakiona kipande cha samaki, akakikosa akaning'ata kidole. Daktari anasema bado hajavuka.

Sikuombi uje kunitetea. Naomba uje useme tulivyokuwa tukijaza, wewe miaka kumi na moja na mimi miezi saba, ili kamati isidhani ni utundu wa kijana mmoja na ikamrudisha Shangazi nusunusu. Usiwe na wasiwasi wa mahali pa kulala, kitanda nitakuachia. Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa na wadogo, na umwombe mkaza mjomba asinikasirikie kabla hajasikia yote.

Alhamisi usipitilize kwa Mkuu kunywa chai. Mimi na Shangazi tutakuwa kwenye benchi la nje. Ni refu, linatosha watu watatu.

Wasalaamu,
Mpwa wako, karani wa masijala