Kivuko cha Kwa Feza

Troyeville, Juni 2018

Mjukuu wangu Neema,

Barua yako kutoka Ubelgiji imefika. Sisi tumeamka salama, ingawa baridi ya hapa inauma. Shangazi yako amefungua tena saluni yake baada ya zile vurugu za mtaani, tuyaache hayo. Umeuliza Feza ni nani, maana baba yako akisimulia habari za kwetu hutaja kivuko cha Kwa Feza.

Nilipomaliza sekondari, padri wa parokia yetu alinituma niandike majina ya vilima, mito na vivuko. Kanuni yake ilikuwa moja: jina lisiandikwe mpaka watu wawili walitaje. Kwenye kivuko kile nilimkuta Mama Feza, ambaye bintiye alichukuliwa na mto.

“Andika Kwa Feza,” akaniambia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua akainua kichwa. “Mama, mto huu umekula watoto wangapi? Ukitaka waandikwe wote, karatasi itamwishia kijana wa watu. Hapa ni kivukoni tu.”

Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakaendelea kufua. Nikamweleza Mama Feza kanuni ya padri. Hakubishana. Alikaa juu ya jiwe mpaka wale wakaanua nguo wakaenda zao, ndipo akaniuliza, “Na wewe, ukiulizwa ulinikuta wapi, utasema wapi?”

Nikatazama maji. “Kwa Feza.”

“Basi tuko wawili. Andika.”

Nikaandika. Mpaka naondoka kwetu, mto ulikuwa haujamrudisha mtoto.

Nikiwa hai bado,
Babu yako