Bia Nyeusi Iyunga

Jumatatu, 9 Agosti 1976. Iringa.

Kilabu cha pombe cha Mama Damari, kule Iyunga, Mbeya, kitafungwa na kugeuzwa ghala la bia mpya. Kasema Fanueli, meneja wa mradi, kabla hata sijakaa. Sharti ni moja: wazee wa Iyunga waikubali bia hiyo Alhamisi, siku ya uzinduzi. "Watakataaje, ndugu mwandishi? Hii ni bia ya Ulaya!"

Bia yenyewe alikuwa akiipika Bruda mmoja Mbelgiji, hapa misheni, kwa ajili ya mapadre. Kazeeka, karudi kwao. Mapipa yamerithiwa na ushirika. Mpishi sasa ni Bartholomeo, aliyekuwa msaidizi wake. Sukari inaunguzwa sufuriani mpaka inakuwa nyeusi. Masufuria mazima! Na Mbeya watu wanapanga foleni tangu alfajiri kupata kilo moja ya sukari ya chai.

Bartholomeo alifungua chupa, akapiga funda, akafuta mdomo, ndipo akanimiminia.

Niandike kabla ulimi haujasahau. Rangi: oili ya lori iliyokwisha kazi. Povu la kahawia, zito, linang'ang'ania glasi. Harufu: sukari iliyoungua, karafuu, tende zilizosahauliwa kabatini. Funda la kwanza tamu mno. La pili linachoma koo — gongo iliyovaa suti. Uchungu unachelewa kufika, na ukifika hauondoki. Haikati kiu, inaiongeza. Glasi moja, na kalamu ilianza kuacha mistari.

Aliyeipika anaijua kazi. Siipendi.

Jumatano, 11 Agosti. Mbeya.

Nimekuja na lori la kreti. Fanueli aliimba tenzi za kanisani toka Makambako mpaka Igawa, zote, beti zote. Ni mzee wa kanisa. Kanisa lao halitaki hata kunusa pombe. Nilimwuliza anaiuzaje, basi. "Kuuza si kunywa," akasema, akaendelea na ubeti.

Nimesoma ripoti yangu kwa simu. Mhariri kaguna. Anataka sifa: mali yetu, nguvu zetu. Nikamwambia nguvu ipo, nyingi kupita kiasi. Kakata simu.

Alhamisi, 12 Agosti.

Uzinduzi umeharibika.

Ulifanyika humo humo kilabuni kwa Damari. Ufidhuli wa hali ya juu! Mwenye kilabu kasimamishwa mlangoni kama mpita njia, mikono kifuani. Fanueli kahutubia, "bia yangu" hivi, "bia yangu" vile. Glasi zikajazwa, zikagawiwa. Mzee Jailos, mkubwa wao, kapokea kwa mikono miwili, kashukuru, kaiweka chini ya benchi. Wengine vivyo hivyo.

"Karibuni, kunyweni!"

"Tumekwisha karibia, meneja."

"Basi kunywa, mzee wangu."

"Leo tumbo."

"Na wewe, baba?"

"Na mimi tumbo."

Benchi zima tumbo! Fanueli mwenyewe alikuwa na kikombe cha chai. Mimi nilikunywa yangu, peke yangu. Mzee Jailos alinitazama kama anayemtazama mtu akivuka barabara kuu amefumba macho.

Nilimfuata nje. Kasema mwenye pombe hakuonja. Huku anayekukaribisha pombe anapiga funda kwanza mbele yako, kuondoa sumu. Damari hufanya hivyo kwa kila kopo la komoni, pombe yake ya mahindi. Mtu akikupa chombo ambacho hajakigusa yeye, unajua amekuwekea nini?

"Mbona hamkumwambia?"

"Mtu mzima tumfunze adabu mbele ya wageni? Tena kazaliwa hapa hapa!"

Ijumaa, 13 Agosti.

Fanueli kamshtaki Damari kwa mwenyekiti wa tawi la chama. Hujuma — ndilo neno alilotumia. Eti aliwapitia wazee majumbani akawaambia bia ina sumu. Damari kaamriwa asiuze mpaka kikao cha kesho. Pipa lake la komoni limekwisha iva. Ataimwaga.

Nilimkuta anafagia kilabu kisichokuwa na mtu. Mume alifariki zamani, watoto wanasomeshwa na hilo pipa. "Sikufungua mdomo, baba. Ningefungua, Iyunga nzima ingesikia. Unaijua sauti yangu?" Sasa naijua.

Nikaenda kwa Fanueli, nikamweleza sababu kama nilivyoisikia. Kacheka. "Ushirikina huo! Wewe andika wamechochewa." Nimemwambia naandika nilichoona. Kaniuliza nalipwa na nani. Nikaondoka.

Jumamosi, 14 Agosti.

Kikao ofisini kwa tawi. Fanueli kasema sana. Damari kasema kidogo:

"Aonje yeye kwanza, kama mwenye pombe yoyote. Akionja na wazee wasinywe, basi ni mimi niliyewachochea. Funguo nitazileta mwenyewe."

Mwenyekiti kaafiki palepale. Jumanne, saa tisa, mahali palepale.

Fanueli kabadilika rangi. Akadai mwandishi aonje kwa niaba yake, maana amekwisha zoea. Mzee Jailos akainuka:

"Mgeni haonji kwa niaba ya mwenye nyumba. Akifa, tutakuwa tumejua nini? Mgeni kafa, basi."

Ukumbi mzima ukacheka. Sikucheka.

"Aitwe Bartholomeo, yeye ndiye mpishi!"

"Mpishi mpishi tu. Mwenye bia nani? Alhamisi ulisema bia ya nani, wewe?"



Jumapili, 15 Agosti.

Sikwenda ibadani kanisani kwa Fanueli. Nimewauliza waliokwenda, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao yamefanana. Mchungaji katangaza: mzee wa kanisa atakayegusa pombe, iwe kwa mdomo au kwa ncha ya ulimi, atoke kwenye baraza la wazee na akae mbali na Meza ya Bwana. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, shingo zote ziligeuka upande mmoja.

Namwonea huruma? Hapana. Alitaka kumnyang'anya mjane kilabu kwa kitu asichothubutu kukitia mdomoni.

Jumanne, 17 Agosti. Iyunga, kilabuni.

Naandika nikiwa kwenye benchi, daftari gotini.

Watu wamejaa mpaka nje. Mchungaji kaja! Kakaa mbele kabisa. Kavaa miwani. Mzee Jailos na wenzake wako upande wa pili, glasi zao tupu mikononi, wanasubiri. Wanasema hawana ubaya na mtu. Wanasema tena leo wana kiu.

Chupa imefunguliwa. Fanueli kajimiminia mwenyewe, povu likamwagikia kiatuni.

"Kunywa, mwanangu," kasema Jailos. "Kidogo tu. Kama kuku."

"Kama kuku anywaye, halafu ainue kichwa amshukuru nani?" mchungaji kauliza. Kwa upole mkubwa.

Kicheko nyuma. Mwenyekiti kapiga meza. Kasema kikao kinafungwa saa kumi kamili: glasi ikiwa bado imejaa, Damari anafungua kilabu leo hii, na kreti zote zinapanda lori kesho asubuhi kurudi Iringa. Ikiwa imeonjwa, wazee nao watakunywa au watakataa, na yeye mwenyekiti ataamua.

Damari hajakaa. Ana funguo mkononi, kazishika kwa nguvu.

Saa tisa na nusu.

Fanueli kainua glasi. Kainusa — nimeona pua ikikunjamana. Kashusha. Kamgeukia Damari, si mchungaji, si mwenyekiti:

"Mama, ikoje hii? Ni chungu?"

"Nitajuaje, mwanangu? Hujatukaribisha."

Fanueli kafumba macho, anasali, midomo inakwenda. Mchungaji naye kaanza kusali, kwa sauti zaidi. Glasi imepanda tena, imefika kidevuni —